Mrushaji nyota akitajwa kuondoka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sakata la Johan Santana

Kila mwaka kwenye besiboli ya Marekani kuna mrushaji (anayewarushia wapigaji mpira) mmoja mkubwa ambaye mashabiki wanalala na kuamka na jina lake: anaondoka au anabaki? Tetesi za wiki hii zitakuwa zimechacha wiki ijayo, kwa hiyo maswali yanayorudi kila msimu tumeyajibu kwa sakata moja ambalo mwisho wake unajulikana. Ni lile la majira ya baridi ya 2007 kuingia 2008, Minnesota Twins walipokuwa wanamtembeza Johan Santana kwa Yankees na Mets wa New York, na Red Sox wa Boston.

Santana mwenyewe ni nani?

Mvenezuela wa mkono wa kushoto, mzaliwa wa Tovar, mji wa milimani jimboni Mérida, 1979. Twins walimpata karibu na bure. Desemba 1999 Houston Astros walimwacha nje ya orodha ya wachezaji wanaolindwa, Florida Marlins wakamchukua, na siku hiyohiyo wakamsukumia Minnesota kwa makubaliano yaliyokwishapangwa.

Silaha yake ni mpira wa kupunguza kasi, alioutengeneza vizuri mwaka 2002 aliporudishwa ligi ya chini mjini Edmonton. Mkono unashuka kwa kasi ileile ya mpira wa moto, ule wa mbio kali, bega lilelile, hatua ileile, ila vidole vimeshika tofauti. Mpira unachelewa kufika. Mpigaji ameshazungusha kigongo na anabaki amejikunja kama aliyeteleza kwenye utelezi. Kwa mpira huo alichukua tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, mwaka 2004 na 2006, na mara zote mbili kura zote za nafasi ya kwanza zilikwenda kwake. Tarehe 19 Agosti 2007 aliwatoa wapigaji 17 wa Texas Rangers kwa straiki tatu, yaani nafasi tatu za kupiga wakazikosa, ndani ya awamu nane kati ya tisa za mechi, na Twins wakashinda 1-0. Huyo ndiye mtu aliyekuwa sokoni.

Tunasema "kuuzwa". Anauzwa kwa shilingi ngapi?

Hapa ndipo aliyezoea usajili wa Simba na Yanga anapotea. Kwenye soka klabu inalipa ada ya uhamisho, kisha mchezaji anakaa mezani kujadili masilahi yake, na akikataa, dili limekufa. Kwenye besiboli ya Marekani watu hubadilishana wachezaji kwa wachezaji. Mkataba unahama pamoja na mchezaji kama ulivyo, hadi senti ya mwisho, na yeye haulizwi. Anapigiwa simu usiku, kesho asubuhi anatakiwa jiji jingine. Fedha taslimu zinaweza kuongezwa juu, lakini kiini cha dili ni watu.

Wanaoweza kukataa ni makundi mawili: mwenye kipengele cha kuzuia uhamisho kwenye mkataba wake, na mkongwe aliyefikisha miaka kumi ligini, mitano ya mwisho ikiwa kwenye timu hiyohiyo. Santana alikuwa na kipengele hicho. Bila saini yake asingekwenda popote, na hilo liliwabana Twins kuliko mashabiki wengi walivyokuwa tayari kukubali.

Kwa nini timu yenye akili imtoe mchezaji wake bora?

Kwa sababu ya kalenda. Mchezaji akitimiza miaka sita ya huduma ligini na mkataba wake ukaisha, anakuwa huru kwenda anakotaka. Haki hiyo ilipatikana kwa warushaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, baada ya msuluhishi Peter Seitz kuamua upande wao Desemba 1975. Kabla ya hapo timu ilimshika mchezaji mpaka ichoke naye.

Mkataba wa Santana ulikuwa unaisha baada ya msimu wa 2008, ambao angelipwa dola milioni 13.25. Twins iliripotiwa walimwekea mezani nyongeza ya miaka minne kwa dola milioni 80. Sokoni angepata zaidi ya hapo, na kila mtu alijua. Novemba 2007 walikuwa wametoka kumshuhudia Torii Hunter, kipenzi cha Minnesota, akihamia Angels kama mchezaji huru kwa miaka mitano na dola milioni 90. Walichobaki nacho ni nafasi za ziada za kuchagua vijana wapya. Meneja mkuu mpya, Bill Smith, alikuwa ameshika kiti tangu mwisho wa msimu tu, akimrithi Terry Ryan. Hakutaka hilo lijirudie na Santana.

Mashabiki wa Twins walikuwa wanabishania nini hasa?

Mambo matatu yaliyochanganywa kwenye chungu kimoja, ndiyo maana hawakuwahi kusikilizana.

Kundi la kwanza lilikuwa la fedha. Mmiliki, Carl Pohlad, alikuwa bilionea, na uwanja mpya ulikuwa umeshapitishwa kwa msaada wa kodi ya wananchi. Mlituambia tukijenga uwanja nyota watabaki, sasa mnatuuzia nyota kabla hata uwanja haujakwisha? Hoja hiyo ilikuwa na uzito na sijaona aliyeijibu vizuri.

Kundi la pili lilisema mlipe mwaka mmoja uliobaki, upiganie ubingwa wa 2008, akiondoka aende salama. Twins wangepata nafasi mbili za ziada kwenye uchaguzi wa vijana, basi. Walioitwa wajinga walikuwa hawa. Tutawarudia.

Kundi la tatu lilihesabu miaka. Linasema humlinganishi Santana na kijana fulani. Unalinganisha mwaka mmoja wa Santana na miaka sita ya kijana huyo kwa mshahara mdogo. Hesabu ni sahihi. Tatizo ni kwamba mwaka mmoja wa Santana unajua utakupa nini, na miaka sita ya kijana hujui hata kama ataiona ligi kuu. Binafsi nakubaliana na kundi hili kwa masharti: dili la namna hii linafaa pale unapopokea mchezaji ambaye ameshaonekana kwenye ligi kuu. Ukipokea ahadi nne kwa wakati mmoja, bado unashika ahadi.

Nini kilikuwa mezani?

Kwenye mkutano wa majira ya baridi pale Nashville, Desemba 2007, Yankees walitajwa wakiwa na Phil Hughes, mrushaji wa miaka 21, pamoja na Melky Cabrera wa uwanja wa nje na mtu wa kuongezea. Red Sox walitajwa na vifurushi viwili: kimoja kimejengwa juu ya mrushaji Jon Lester, kingine juu ya Jacoby Ellsbury mwenye mbio, na kila kimoja kikiwa na majina kama Justin Masterson na Jed Lowrie. Twins, kwa taarifa za wakati ule, walitaka vifurushi hivyo vichanganywe. Boston wakasema chagua kimoja.

Mets walionekana wasindikizaji. Minnesota waliulizia José Reyes, wakaambiwa sahau. Wakaulizia Fernando Martínez, kijana wa Jamhuri ya Dominika aliyekuwa anaimbwa kuliko wote kwenye ligi za chini za Mets. Naye akafichwa.

Mashabiki wa Boston walikuwa na haki ya kumng'ang'ania Lester?

Walikuwa nayo, na walikuwa na sababu mbili. Ya moyo: Lester aligunduliwa saratani ya tezi za limfu mwaka 2006, akatibiwa, akarudi, na Oktoba 28, 2007 ndiye aliyeanza na kushinda mechi iliyowapa Red Sox ubingwa wa World Series kule Colorado. Mwezi mmoja baadaye mnamtaja sokoni? Ya kichwa: alikuwa na miaka 23 na mshahara wa chini kabisa.

Tarehe 19 Mei 2008, Lester huyohuyo akawanyima Kansas City Royals hata pigo moja, yaani mpira uliopigwa ukamfikisha mpigaji kituoni salama, kwa awamu zote tisa. Mwaka 2013 akawa nguzo ya ubingwa mwingine, Ellsbury naye akiwa uwanjani. Sijui mjadala mwingine wa mashabiki ambao kauli ya "asiguswe" ilithibitishwa waziwazi namna hii.

Na Yankees?

Wale waligawanyika nyumbani. Hank Steinbrenner, mtoto wa mmiliki, alikuwa anazungumza na waandishi karibu kila siku, anaweka siku ya mwisho, inapita, anaweka nyingine. Meneja mkuu Brian Cashman alikuwa hataki kulipa mara mbili, vijana kwanza halafu mamilioni. Aliposhinda hoja alisubiri miezi kumi tu. Desemba 2008 akamchukua CC Sabathia, mrushaji wa kushoto wa daraja lilelile, kwa dola milioni 161 na bila kumtoa kijana hata mmoja. Yankees wakawa mabingwa 2009, Hughes akiwa kikosini. Kichekesho ni kwamba Hughes alikuja kuvaa jezi ya Twins mwaka 2014, kama mchezaji huru, kwa fedha.

Mwishowe dili lilifungwaje?

Kwa kuchoka. Januari ikafika, Yankees wamejitoa, Boston hawaongezi, na iliripotiwa Santana amesema msimu ukianza hataridhia kuhamishwa. Januari 29, 2008 Twins wakakubali kifurushi cha Mets: Carlos Gómez wa uwanja wa nje, na warushaji watatu, Philip Humber, Kevin Mulvey na Deolis Guerra.

Hapo dili lilikuwa bado halijakamilika. Mets walipewa saa 72 kukubaliana na Santana mkataba mpya, la sivyo kila mtu arudi kwao. Saa zikaisha Ijumaa jioni bila wino, ligi ikawaongezea saa mbili, na ndani ya saa hizo wakafika miaka sita kwa dola milioni 137.5, mkataba mkubwa kuliko wowote uliowahi kutolewa kwa mrushaji hadi siku hiyo. Kesho yake akapimwa na madaktari, bega na kiwiko vikapita, akawa mali ya New York.

Vipimo hivyo si mapambo. Timu hupata rekodi za matibabu za mchezaji kabla ya kutia saini, na madili hufia pale.

Wale vijana wanne waliishia wapi?

Gómez alicheza Minnesota misimu miwili, kasi anayo, kigongo bado, akapelekwa Milwaukee Brewers kwa J.J. Hardy. Alipofika huko ndipo akachanua: nyota wa ligi 2013 na 2014. Mulvey alionekana na Twins mara mbili tu. Guerra hakuwahi kurusha mpira hata mmoja kwenye ligi kuu akiwa na Twins.

Humber ndiye wa ajabu. Alitemwa, akazunguka timu kadhaa, akaangukia Chicago White Sox. Aprili 21, 2012, kule Seattle, akarusha mechi kamilifu: wapigaji 27 walikuja, 27 wakarudi, hakuna aliyegusa hata kituo cha kwanza. Ilikuwa ya 21 tu katika historia ya ligi kuu. Ungeuliza shabiki yeyote mwaka 2008 nani kati ya hao wanne atafanya hivyo, asingemtaja yeye.

Na Fernando Martínez, yule aliyefichwa? Magoti na majeraha vilimmaliza. Januari 2012 Mets wakamwacha aende bila kudai kitu.

Basi Mets walishinda dili?

Dili walishinda. Walichokuwa wanakitafuta hawakukipata, na mashabiki wao hutofautiana hapo mpaka leo.

Kumbuka walikotoka. Septemba 2007 walikuwa wanaongoza kundi lao kwa mechi saba zikiwa zimebaki 17, wakaporomoka, na siku ya mwisho mrushaji wao Tom Glavine akaruhusu pointi saba kabla hajamaliza hata awamu moja. Santana aliletwa kufuta siku ile. Mwaka 2008 alifanya kila alichotakiwa: aliruhusu wastani wa pointi 2.53 kwa kila awamu tisa, bora kuliko mrushaji yeyote wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Septemba 27, akiwa amepumzika siku tatu tu badala ya nne na goti la kushoto limechanika, alirusha mechi nzima peke yake na kuwafunga Marlins 2-0. Kesho yake, siku ya mwisho ya uwanja wao wa Shea Stadium, Mets wakapoteza na kukosa mtoano kwa mechi moja.

Nani aliwapita? Milwaukee, waliokuwa wamemtwaa Sabathia kutoka Cleveland mwezi Julai mwaka huohuo. Sabathia alishinda mechi 11 akapoteza 2 na timu hiyo, na siku hiyohiyo Mets wanalia yeye alikuwa anamaliza mechi nzima dhidi ya Cubs. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kumleta mrushaji mmoja katikati ya msimu hakubadilishi kitu, mwonyeshe Milwaukee, ambao walikuwa hawajaona mtoano tangu 1982.

Twins wangembakisha, ingekuwaje?

Ndilo swali linalowauma Minnesota, na sasa tunarudi kwa lile kundi la pili lililoitwa la wajinga. Msimu wa 2008, bila Santana, Twins walimaliza sawasawa na Chicago White Sox. Ikabidi ichezwe mechi ya ziada, ya 163, kuamua bingwa wa kundi lao la ligi. Wakafungwa 1-0, pointi yenyewe ni mpira mmoja wa Jim Thome uliotoka nje ya uwanja.

Mechi moja. Mrushaji aliyeongoza ligi kwa wastani wa pointi alikuwa New York. Huwezi kuthibitisha kwamba angebaki angewaletea ushindi huo mmoja, ila mimi ningependa kumwona anayethubutu kubisha.

Ile mechi ya Juni 2012, Santana alipowanyima St. Louis Cardinals hata pigo moja, ilikuwa na thamani ya dola milioni 137.5?

Tangu waanze mwaka 1962, Mets hawakuwahi kuwa na mrushaji aliyemaliza mechi bila kuruhusu pigo. Walipita kwao Tom Seaver, Dwight Gooden, na hakuna. Juni 1, 2012 Santana alikuwa ametoka kwenye upasuaji wa bega uliomkosesha msimu wote wa 2011. Meneja Terry Collins alipanga asivuke mipira kama 115.

Awamu ya sita Carlos Beltrán wa Cardinals alipiga mpira uliogusa chokaa ya mstari wa kushoto. Mwamuzi akasema umetoka nje ya mstari. Picha zilionyesha ulikuwa ndani, lakini wakati ule marudio ya video hayakuhusu mpira wa namna hiyo. Awamu ya saba Mike Baxter, kijana wa Queens, aliukimbilia mpira wa Yadier Molina kwa nyuma, akaudaka na kujigonga ukutani, akatolewa na bega limeumia. Mpira wa 134 wa Santana, ule wake wa kupunguza kasi, ukampita David Freese. Cardinals 0, Mets 8. Collins baada ya mechi alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa, kwa kuogopa alichokifanya kwenye bega lile.

Agosti mwaka huo Santana alirusha mechi yake ya mwisho ya ligi kuu. Bega lilichanika tena 2013. Wapo wanaosema mipira 134 ndiyo iliyommaliza. Bega lililokwishafunguliwa na daktari mara moja lingeweza kwisha hata kwa mipira 90. Mimi ningemwacha aendelee, na shabiki wa Mets aliyesubiri miaka 50 hawezi kukuambia vingine.

Nitatambuaje tetesi ya kweli?

Angalia kama majina ya pande zote mbili yametajwa. "Timu tano zinamtaka" ni kelele. Mara nyingi anayeivujisha ni anayeuza, apandishe bei. Majina yakitoka na ikasemwa madaktari wanakagua rekodi, sogeza kiti.

Hata hapo usishangilie. Julai 29, 2015, Mets wakicheza nyumbani na San Diego, simu za mashabiki zilijaa habari kwamba mrushaji Zack Wheeler na Wilmer Flores wanakwenda Milwaukee, anakuja Carlos Gómez, ndiyo, yuleyule. Flores alikuwa bado uwanjani. Jukwaa likasimama kumpigia makofi ya kwaheri, naye, mvulana aliyesaini na Mets akiwa na miaka 16, akarudi kwenye nafasi yake ya ulinzi anafuta machozi kwa mkono wa jezi huku kamera zikimwangalia. Baada ya mechi meneja mkuu akatangaza dili halipo. Siku mbili baadaye Flores alipiga mpira nje ya uwanja kwenye awamu ya 12 na kuwafunga Washington.

Kuna Mwafrika Mashariki wa kumfuatilia kwenye haya?

Ligi kuu yenyewe bado. Uganda ndiyo iliyotangulia kwenye ramani: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League kule Williamsport, Pennsylvania.

Nikeshe lini?

Desemba kuna mkutano wa majira ya baridi, habari hutoka saa zote. Kilele cha msimu ni siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, ambayo kwa kanuni za sasa huangukia kati ya Julai 28 na Agosti 3. Kwa miaka ya karibuni pazia limekuwa likifungwa saa kumi na mbili jioni ya New York, yaani saa saba usiku ya Nairobi na Dar es Salaam. Madili makubwa hutangazwa nusu saa ya mwisho, na mengine hujulikana dakika kadhaa baada ya pazia, kwa hiyo usizime simu saa saba kamili.